Hivi jina la Walker maana yake ni mtembeaji kweli? Nahisi niliwatafsiria wazee vibaya

Mdau_Makete

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya majina ya ukoo ya Waingereza maana kuna kitu kinanikosesha usingizi toka wiki iliyopita.

Mimi nipo kwenye mradi wa maji huku Makete, mkoa wa Njombe, kazi yangu ni kutafsiri. Tuna mgeni, fundi wa mabomba kutoka Uingereza, jina la ukoo Walker. Siku ya mkutano wa kijiji akajitambulisha vizuri tu, basi akasimama mzee mmoja wa heshima kabisa akasema mgeni tumekusikia jina lakini hujatuambia lina maana gani, sisi huku jina halitolewi hivi hivi. Mimi bila hata kuwaza nikajibu palepale, mzee, Walker ni mtembeaji. Yaani watu walifurahi sana, kwa sababu jamaa kweli alikuwa ametembea ile milima siku 3 mfululizo akifuata chanzo cha maji, wakaona jina na mtu vimekutana. Toka siku hiyo ni Mzee Mtembezi, mpaka watoto wanamwita hivyo barabarani.

Usiku tukiwa tunaota moto nikamuuliza mwenyewe. Akasema hana uhakika ila bibi yake alikuwa anamwambia ukoo wao hautokani na kutembea, unatokana na kazi ya nguo. Nikabaki nimeduwaa. Kazi ya nguo na kutembea wapi na wapi? Na ile chupa ya whisky ya Johnnie Walker si ina mtu anatembea na fimbo yake? Nimepitia kamusi yangu ya Kiingereza naona walker ni anayetembea basi.

Mwezi ujao tunarudi kwenye kile kijiji kufungua bomba. Kama niliwaambia wazee kitu ambacho sicho nataka nikasahihishe mbele yao. Nawasilisha.

mlinzi_wa_zamu

Mkuu mbona umetafsiri sawa tu, walk ni kutembea na walker ni anayetembea. Ila nakumbuka kuna mahali nilisikia walikuwa ni askari wa misitu ya mfalme, kila mmoja anapewa eneo lake la kuzungukia kwa miguu kuangalia wawindaji haramu, ndo wakaitwa Walker. Kama ni hivyo basi bado ni mtembeaji, hukudanganya mtu.

NesiHalifax

Mdau pole na hongera kwa kujali, wengine wangeacha ipite. Bibi yake huyo mgeni yupo sahihi asilimia zote. Mimi naishi Halifax, Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mwaka wa 11 huu nahudumia wazee, na huku Walker ni wengi kama akina Juma kwetu, kwa hiyo hili swali nilishaliuliza zamani sana, nikaelezwa na wazee wenyewe halafu nikalifuatilia.

Hebu anza na kitu unachokijua. Blanketi zito kwetu linafuliwaje? Unaliweka kwenye beseni, unapandisha suruali au unakunja khanga, unaingia na miguu, unakanyaga, unakanyaga, unageuza, unakanyaga tena. Basi huyo ndo Walker. Zamani kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa hakijawa nguo bado, kilikuwa kimelegea, kina matundu unaona mwanga upande wa pili, halafu kinanuka mafuta ya kondoo. Kwa hiyo kinatumbukizwa kwenye pipa la maji, mtu anaingia na miguu mitupu, anakikanyaga kwa masaa mpaka mafuta yatoke na nyuzi zishikane. Kikitoka hapo kimepungua ukubwa lakini ni kizito, upepo haupiti, mvua inateleza. Kwa baridi ya huku bila hiyo kazi usingevaa kitu.

Sasa lugha. Kwenye Kiingereza cha kale kabla ya Wanormani, wale wavamizi kutoka Ufaransa, mtu wa kazi hiyo aliitwa wealcere. Linatokana na wealcan, kuviringisha, kusukasuka huku na huku, ndo kazi yenyewe ya kukanyaga na kugeuza kitambaa. Hili walk la kutembea limetoka kwenye mzizi huohuo ila maana ya kwenda kwa miguu imekuja kuota baadaye. Kwa hiyo sio kwamba Walker ni mtoto wa walk, hao ni ndugu, mama yao mmoja. Wajerumani mpaka leo wakisema walken wanamaanisha kazi hiyo ya sufu, sio kutembea.

Lakini kitu kilichonishangaza mimi ni hiki, kazi moja imezaa majina matatu kulingana na upande wa nchi. Kaskazini na upande wa magharibi ya katikati walisema Walker. Kusini mashariki, kuanzia Sussex na Kent kupanda mpaka Norfolk, walisema Fuller, hilo limetoka kwenye Kilatini fullo kupitia kwa wenyeji na Wafaransa. Na kule kusini magharibi, Devon na Cornwall na Somerset, walisema Tucker, kutoka tucian, neno la kale la kumtesa mtu, maana kitambaa kinapigwa kweli kweli. Pale Exeter kuna jengo linaitwa Tuckers Hall, limejengwa mwaka 1471 na chama cha wafumaji na hao watu wa sufu, na lipo mpaka leo. Kwa hiyo ukikutana na Bwana Fuller, Bwana Tucker na Bwana Walker mezani jua mababu zao walikuwa fani moja, wangeelewana kwa kuangaliana miguu tu.

mlinzi_wa_zamu, hiyo ya askari wa msitu ipo inazungumzwa, na neno hilo kweli lilitumika misituni, ila wanaochambua majina wanaiweka kazi ya sufu mbele kabisa, na ramani yenyewe inakuonyesha, Walker wamejaa huku huku kwenye sufu. Kyle Walker yule beki ni mzaliwa wa Sheffield, Yorkshire hiihii. Kuna na wachache sana ambao jina lao limetoka kwenye kitongoji kinaitwa Walker pale Newcastle, hilo la kitongoji linahusu ukuta wa Warumi na eneo la majimaji, ni habari nyingine.

Na ile picha ya chupa, duka la John Walker lilianza Kilmarnock, Scotland, mwaka 1820, alikuwa muuza duka wa kawaida. Yule bwana anayetembea na fimbo alichorwa mwaka 1908 na mchoraji Tom Browne. Ni mchoro wa tangazo, umecheza na jina, hauelezi jina lilikotoka.

Fundi_Cherehani_Moro

Dada Nesi umenigusa kwenye fani yangu. Mimi nashona Morogoro mwaka wa 20 sasa na hicho kitu nimekiona kwa macho ila sikujua kama kuna watu walikuwa wanakifanya makusudi.

Wadau mnajua nguo kurudi. Mteja aliniletea koti la sufu la mtumba, zuri mno, kimo chake kabisa, nikamwambia hili usilitie maji ya moto. Akalichemsha na sabuni ya unga akalisugua kwa nguvu kama anafua jinzi. Aliporudi nalo lilikuwa linamtosha mtoto wa miaka 6. Lakini nilivyolishika, asee, lilikuwa nene kama zulia, mfumo wa nyuzi huuoni tena, na nilivyolikata ili nimtolee mfuko, ule ukingo haukuchanua hata uzi mmoja, yaani unaweza kuuacha bila kupiga ovaloku. Nikasema hii kitu ingekuwa imerudishwa kwa kipimo kabla ya kukatwa ingekuwa kitambaa cha maana sana. Kumbe watu walishawaza hivyo miaka elfu nyuma.

Swali langu, hao walikuwa hawana sabuni ya unga, mafuta ya kondoo ni mabishi sana, walikuwa wanayatoa na nini?

NesiHalifax

Fundi hapo umeuliza penyewe, na wanaokula waweke sahani pembeni kidogo. Ni mkojo. Mkojo uliochacha, uliokaa siku nyingi mpaka ukatoa ile harufu ya kuchoma pua, ile ni amonia, na amonia inakata mafuta kuliko unavyofikiri. Huku kwenye vijiji vya wafumaji mkojo ulikuwa unakusanywa nyumba hadi nyumba, watu wanauweka kwenye mtungi, mtu anapita na pipa lake. Warumi nao walifanya hivyohivyo, pale Pompeii vile vyumba vyenye mabeseni ya kukanyagia vimefukuliwa vikiwa vizima, na mfalme Vespasian alikuja kutoza kodi ya mkojo kabisa, mwanae alipolalamika akamsogezea sarafu puani akamuuliza kama inanuka.

Baada ya mkojo kuna udongo fulani laini unaonyonya mafuta, mpaka leo unauzwa kwa kujipaka usoni, Waingereza wanauita fuller's earth, udongo wa akina Fuller. Kisha suuza ya maji safi, halafu kitambaa kibichi kinatandazwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye misumari iliyopinda pande zote, kinavutwa ili kikauke kikiwa kimenyooka. Ile misumari inaitwa tenterhooks, na Mwingereza akiwa roho juu anasubiri majibu anasema yupo juu ya hiyo misumari, wengi wanalisema hawajui ni kitu gani.

Halafu kuna jambo la kushangaza zaidi. Hii kazi ya miguu ilianza kufa mapema sana, kabla hata majina ya ukoo hayajatulia. Walibuni kinu cha kupondea sufu, gurudumu la maji mtoni linazungusha mti wenye meno, meno yananyanyua nyundo mbili za mbao yanaziachia, zinadondoka kwenye kitambaa usiku na mchana. Hati ya mali za watawa wapiganaji wa Templar ya mwaka 1185 inataja vinu hivyo, kimoja huku Yorkshire kingine Gloucestershire. Kwa hiyo kuna akina Walker ambao hawakukanyaga kitambaa maisha yao yote, walisimamia kinu, ila watu waliendelea kuwaita wakanyagaji. Wales kinu hicho wanakiita pandy, ndo maana kuna mji unaitwa Tonypandy.

Scotland visiwani ndo ilidumu kuliko kote, wanawake walikuwa wanakaa mezani pande mbili wanakipiga kitambaa kibichi mezani kwa pamoja huku wanaimba, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, ukisikia utafikiri nyimbo za kutwanga za bibi zetu. Na huko Scotland kuna ukoo uliitwa Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga sufu, walipoanza kuandikwa kwa Kiingereza wengi wakawa Walker.

mlinzi_wa_zamu

Nimekubali dada. Ila nieleze kitu kimoja, kwanini kazi ya babu iwe jina la mjukuu ambaye labda ni dereva? Kwetu jina la tatu ni la babu mwenyewe, sio kazi yake.

NesiHalifax

Kwa sababu watu walikuwa na majina machache mno. Baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066 majina ya kienyeji yakapotea taratibu, kila mtoto wa kiume akawa John au William au Robert au Richard au Thomas. Kijiji kina akina John kumi, utawatofautishaje? John wa mlimani, John mwana wa Robert, John mwekundu, John mkanyaga sufu. Mwanzoni likikaa kwa mtu mmoja linakufa naye. Halafu serikali ikaanza kuandika, kodi ya kichwa ya 1377, ya 1379, ya 1381, karani anataka jina la pili ili mtu asilipe mara mbili au asikwepe, na urithi wa shamba nao unataka maandishi. Kufika karibu 1400 watu wengi kusini walikuwa na jina la kurithi, kaskazini ilichelewa kidogo.

Kwenye ule uasi wa 1381 uliotokana na hiyo kodi majina yenyewe bado yananukia kazi. Wat Tyler ni fundi wa vigae vya paa. Kule Norfolk aliyeongoza ni Geoffrey Litster, na alikuwa kweli anatia nguo rangi, litster ndo mtia rangi, baadaye likawa Lister. Aliuawa mwaka huohuo. Ukipanga mnyororo wote wa sufu unapata ukoo kila hatua, Shepherd anachunga, Webb na Webster wanafuma, Walker anakanyaga, Lister na Dyer wanatia rangi, Sherman anakata vinyweleo vya juu kwa mkasi mkubwa, Taylor anashona. Fundi hapo mwisho ndo wewe.

Kibokoni_Ustadh

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hapa kwetu Mwambao jambo hili si geni. Waarabu wana ukoo wa Haddad, ndiye mhunzi, huyo ndiye Smith. Na wana Qassar, naye ni yule mwenye kuipiga nguo na kuing'arisha iwe nyeupe, basi huyo ndiye Fuller wenu hasa, Walker wenu.

Na kuna faida nyingine. Wale hawariyyun, wafuasi wa Nabii Isa, baadhi ya wafasiri wamesema waliitwa hivyo kwa sababu walikuwa wakizing'arisha nguo, walikuwa ni qassarin. Wapo waliosema vingine, lakini kauli hiyo imo kwenye tafsiri. Kwa hiyo ni kazi yenye heshima yake, Mdau usione haya kuwaeleza wazee.

KondooWaIringa

Ustadh umenikumbusha, kwenye Injili ya Marko 9:3 pale Yesu anageuka sura mlimani, Biblia yetu inasema mavazi yalikuwa meupe kiasi ambacho hakuna dobi duniani anayeweza kuyafanya meupe vile. Ile ya Kiingereza ya King James pale penye dobi pameandikwa fuller. Kwa hiyo naona hata tafsiri unayo tayari Mdau, sema dobi tu ueleweke.

NesiHalifax

Dobi inakaribia, ila dobi wetu anafua nguo iliyovaliwa. Huyu nguo haijawahi kuvaliwa na mtu, haijakuwa nguo bado. Mimi ningesema mkanyaga sufu, wazee wa Makete wanajua sweta na blanketi kuliko sisi wote humu.

BintiKisauni

Nami naomba niongeze jambo, kwa kuwa haya majina ya kazi za Kiingereza yaliwahi kuwafikia hata watu wetu, na si kwa njia nzuri.

Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, hapa karibu na Kengeleni, pale penye ile kengele ya Frere Town. Frere Town ni kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kabla ya hapo watoto wengi waliokombolewa baharini walikuwa wakipelekwa India, kwenye shule ya misheni huko Nasik, wanafundishwa kazi, wanabatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Mmoja wao ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Wainwright ni mtengeneza magari ya kukokotwa, wain ni lile gari na wright ni fundi wake. Fikiria basi, mtoto ameibiwa kwao, kwao hakuna gari la kukokotwa, hakuna wa ukoo wake aliyewahi kutengeneza gurudumu, na jina la kwao likawekwa kando.

Na huyo Jacob si mtu mdogo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwenye kijiji cha chifu Chitambo, Zambia ya sasa, yeye ndiye aliyesoma sala na kuchonga maneno kwenye mti, akawa kwenye ule msafara uliobeba mwili mpaka pwani, akafika nao London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza Westminster Abbey. Alikufa 1892 huko Urambo, Tabora. Kila nikilisoma jina lake hunisimamisha. Mgeni wa Mdau jina lake lina babu nyuma yake, unaweza kulifuata mpaka kwenye pipa la sufu. La Jacob ukilifuata unafika kwenye daftari la misheni, basi.

mlinzi_wa_zamu

Dah BintiKisauni umeniacha kimya. Kwa hiyo hata akina Walker weusi wa Jamaika na Marekani ni hivyo?

BintiKisauni

Wengi ni hivyo, jina la mwenye shamba au la msimamizi lilibaki kwa watu, wengine baada ya kuachiwa huru walijichagulia wenyewe jina walilotaka. Wengine ni ndoa tu. Madam C. J. Walker, yule mama aliyetajirika Marekani kwa dawa za nywele, alizaliwa Louisiana mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove, Walker ni jina la mumewe Charles Joseph Walker, akalifanya likajulikana kuliko mume mwenyewe. Kwa hiyo usimwone mtu anaitwa Walker ukadhani wote wametoka pipa moja.

Mdau_Makete

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Nilikuja na swali la mstari mmoja nimeondoka na shule.

Nimemsomea mgeni yote kwa Kiingereza jana jioni, pale kwenye mkojo alicheka mpaka akaweka kikombe chini, halafu alinyamaza muda mrefu kwenye habari ya Jacob Wainwright, akaniomba nimwandikie hilo jina na neno Urambo kwenye daftari lake. Nikamuuliza kwao hasa ni wapi, akasema yeye amekulia London ila babu mzaa baba alitokea Rochdale.

Na nimeamua, siku ya kufungua bomba nitasimama nimwombe radhi yule mzee kwamba mwanzo nilikosea. Nimeshafikiria namna ya kusema. Pale kijijini akina mama wanafua mablanketi kwa miguu kwenye beseni mtoni, watoto nao wanaingia kukanyaga, nitawaonyesha hapo hapo, huyu mgeni babu zake walikuwa wanafanya hivi. Sidhani kama kuna atakayeshindwa kuelewa.

NesiHalifax

Rochdale! Hiyo zamani ilikuwa Lancashire, siku hizi ni Greater Manchester, ukivuka huu mlima wetu tu umefika, nayo ilikuwa ya sufu toka zamani. Mwambie atafute vitabu vya parokia za huko, makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi toka mwaka 1538, vingi vimesomeka mpaka leo. Na mkirudi kutoka kijijini utuambie mzee amesema nini.

Fundi_Cherehani_Moro

Na wakimbadilishia jina utuwekee hapa. Mkanyaga sufu kwa Kikinga wanasemaje?